Goti Linauma na Unataka Baiskeli: Uchague Ipi Kati ya Hizi Tano?

Goti langu la kulia lilianza kunisumbua nikiwa bado nafundisha. Miaka 31 ya kusimama mbele ya ubao, na mwisho wake nikawa nashuka ngazi za shule upande upande kama kaa. Daktari alipoitazama picha alisema gegedu limelika, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: nisilipumzishe goti kupita kiasi, nitafute baiskeli, niizungushe polepole. Nilirudi nyumbani Ngamiani, Tanga, nikiwa na swali moja tu. Baiskeli gani?

Swali hilo sasa naulizwa mimi, na walimu wenzangu waliostaafu, na majirani wenye sukari na presha, na mama mmoja wa msikitini mwenye baridi yabisi ya vidole. Hizi tano ni nyeusi ya chuma, ya kikapu, ya gia nyingi, ya umeme na ya ndani. Nne kati yake nimezitumia kwa muda wa kutosha. Ya umeme nimeiendesha siku chache tu, ni ya mtoto wa dada yangu. Sitakuambia ipi ni bora, maana iliyonifaa mimi ilimtesa mwenzangu. Ninachoweza ni kukuonyesha pa kutazama.

Mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa

La kwanza ni uzito wa kusukuma. Watafiti waliwahi kuweka vipimo ndani ya magoti bandia ya wagonjwa, wakaona kwamba kutembea kwa kawaida hulibebesha goti mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kushuka ngazi huzidi mara tatu. Kuendesha baiskeli taratibu, bila kukazana, mzigo ulikuwa karibu sawa na uzito wa mwili, au kuzidi kidogo. Ndiyo maana madaktari wanaipenda. Ila faida hiyo ipo pale unapozungusha kwa wepesi. Ukiikandamiza pedeli kama unayepandisha gunia la mahindi kilimani, mzigo unarudi palepale.

Wepesi huo unaweza kuuhesabu kwa macho. Hesabu meno ya sproketi ya mbele (duara la meno linalovuta cheni), gawa kwa meno ya ile ya nyuma. Jibu ndilo idadi ya mizunguko ya gurudumu kila unapozungusha pedeli mara moja. Namba ikikaribia 1, goti linashukuru. Ikikaribia 3, goti ndilo linalolipa.

La pili ni mkunjo wa goti. Kuzungusha pedeli mzunguko mzima kunataka goti likunjike kama nyuzi 105 hadi 110. Siti ikiwa chini, linalazimika kukunjika zaidi na kukazwa likiwa limekunjwa, na hapo ndipo maumivu ya mbele ya goti yanapoanzia. Kipimo ni rahisi: kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Halafu ukiweka sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo tu, na huo ndio unaotakiwa.

La tatu, nalisisitiza kuliko yote, ni kupanda na kushuka. Kwa nilivyoona, watu wa magoti hawaanguki sana wakiwa mwendoni. Wanaanguka wakisimama. Siti inayolifaa goti iko juu, na siti ikiwa juu nyayo hazifiki chini, basi mtu anaogopa anaishusha, na goti linaanza kuuma upya. Hilo lilinikuta mimi. Duka lililoniuzia baiskeli yangu ya kwanza walishusha siti mpaka mwisho, wakaniambia "mama, hapa huanguki". Wiki ya pili goti lilikuwa limevimba. Fundi wa mtaani kwetu alinitazama nikipita mara moja tu, akaniita.

"Shikamoo mwalimu. Hiyo siti nani kakushushia?"

"Marahaba baba. Dukani."

Alichukua spana, akalegeza nati, akaivuta siti juu kwa upana wa vidole vinne. Kisha akanifundisha kitu ambacho duka zima halikujua: ukitaka kusimama usibaki juu ya siti ukitafuta ardhi kwa vidole vya miguu. Funga breki, teleza mbele utoke kwenye siti, mguu mmoja mzima ukanyage chini. Kwa fremu iliyo chini inawezekana kirahisi. Kwa fremu yenye bomba la juu ni kazi.

Mengine mawili ni njia utakayopita na mfuko wako. Sasa tuziangalie moja moja.

Baiskeli nyeusi ya chuma: Phoenix, Hero, Avon na jamaa zake

*Goti.* Haina gia. Nyingi nilizohesabu zina meno 44 mbele na 18 nyuma, yaani mzunguko mmoja wa mguu unakusogeza zaidi ya mita 5 kwenye gurudumu la inchi 28. Ukienda taratibu, tuseme kilomita 11 kwa saa, mguu unazunguka mara 34 tu kwa dakika. Kwenye tambarare ya Tanga siku isiyo na upepo hilo si neno. Kazi ni wakati wa kuondoka, kwenye mwinuko, na kusi likikupiga usoni. Kuna dawa, na ni rahisi: mwambie fundi abadilishe frii, yaani sproketi ya nyuma, aweke ya meno 22. Huenda cheni ikahitaji kuongezwa pingili. Uwiano unashuka toka 2.4 hadi 2, na utausikia kwenye goti siku ileile.

*Kupanda na kushuka.* Ile ya kiume, yenye bomba la juu, inataka urushe mguu kwa nyuma juu ya karia. Mwenye goti au nyonga mbovu asiijaribu. Ile ya kike, yenye bomba lililoinama, inakubalika.

*Njia.* Magurudumu makubwa hupita mashimo vizuri na mgongo unakaa wima, kwa hiyo mwenye kiuno atapumua. Siti pana yenye springi ni neema. Lakini breki za vyuma zinataka kiganja chenye nguvu, na mvua ikinyesha zinateleza. Yule mama wa baridi yabisi ya vidole alishindwa hapo, si kwenye miguu.

*Mfuko.* Hakuna inayoishinda. Kila kijiji kuna fundi wake na vipuri vyake.

*Inamfaa* anayeishi tambarare, mwenye mikono mizima, na anayetaka baiskeli itakayomtumikia pia kwenda sokoni.

Baiskeli ya kikapu, mtumba wa Japani

*Goti.* Hizi zinazoshushwa bandarini na kikapu chake mbele nyingi zina meno kama 32 mbele na 14 nyuma kwenye gurudumu la inchi 26. Zile zisizo na gia hazipishani sana na nyeusi. Tafuta yenye gia tatu zilizofichwa katikati ya gurudumu la nyuma. Utaitambua kwa kitufe cha kuzungusha kwenye usukani chenye namba 1, 2, 3. Namba 1 inapunguza uzito kwa zaidi ya robo. Uzuri mwingine, gia hizo unabadilisha hata ukiwa umesimama, kwa hiyo ukisahau ukasimama na gia nzito, unairudisha 1 kabla ya kuondoka. Kwa goti, kule kuondoka ndiko kila kitu.

*Kupanda na kushuka.* Hapa ndipo inapozipita zote za barabarani. Fremu imeinama mpaka chini, unaivuka kama unavyovuka kizingiti, na gauni au baibui halisumbui, ingawa lazima lifungwe lisiingie kwenye spoki. Nyingi zina stendi ya miguu miwili, inasimama imara ukiweka mizigo.

*Njia.* Ni ya lami na udongo mgumu. Kwenye mchanga matairi yake membamba yanazama. Breki ya nyuma hupiga kelele inayosikika mtaa wa tatu, lakini inakamata.

*Mfuko.* Bei hutegemea shehena na maneno yako. Tahadhari ni tairi. Soma namba iliyochapwa ubavuni, mpigie fundi wako simu papo hapo umuulize kama tairi na mpira wa saizi hiyo anaupata. Zipo saizi za Japani ambazo ukipata pancha mbaya, baiskeli inalala ukumbini miezi. Bonyeza pia ubavu wa tairi: likiwa na nyufa, limekauka, hesabu bei ya jipya.

*Inamfaa* mwenye goti au nyonga isiyonyanyuka, mwenye umri, na mwanamke anayetaka kuvaa nguo zake za kila siku.

Baiskeli ya gia nyingi, ya kupandia milima

*Goti.* Kwa wepesi wa kusukuma haina mpinzani kati ya zisizo na injini. Sproketi ndogo ya mbele ikiwa na meno 28 na kubwa ya nyuma 28, uwiano ni 1 kamili: unasogea mita 2 tu kwa mzunguko. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi daladala, huku mguu ukielea. Kwa mtu wa Lushoto, Moshi au Mbeya hii si anasa. Sharti ni moja: ujifunze kuiteremsha gia kabla ya kilima, ukiwa bado unazungusha. Ukichelewa ukaibadilisha katikati ya mwinuko huku umekaza, cheni inagoma na goti linapata mshtuko.

*Kupanda na kushuka.* Nyingi zina bomba la juu, japo limeinama. Unaweza kuilaza baiskeli ubavu, ukapitisha mguu, ukainyanyua. Ni ujuzi wa kujifunza, na mwenye kizunguzungu haumfai.

*Njia.* Matairi mapana hupita mchanga na kokoto. Shida ni mkao: unainama mbele, uzito unakwenda kwenye viganja na shingo. Mwenye mgongo au ganzi ya vidole aombe fundi ampandishie usukani, au aweke uliopinda kurudi nyuma. Ni kazi ya nusu saa.

*Mfuko.* Mpya za bei ya chini zinang'aa dukani lakini gia zake hulegea mapema. Mtumba wa Ulaya uliotumika kidogo mara nyingi ni imara zaidi. Tegemea matengenezo mengi kuliko nyeusi.

*Inamfaa* anayeishi kwenye milima au vumbi, ambaye nyonga na mgongo wake bado ni wazima.

Baiskeli ya umeme

*Goti.* Mota inachukua ule uzito wa kuondoka na wa kupanda. Lakini tofautisha aina mbili. Kuna inayokusaidia pale tu unapozungusha pedeli, na kuna inayokwenda kwa kukunja mkono kama pikipiki. Hii ya pili haitalifanyia goti chochote, maana goti linataka kuzunguka.

*Kupanda na kushuka.* Hutegemea fremu, ila nyingi zina kilo 20 na zaidi. Ikikulalia, kuinyanyua ni tatizo.

*Njia.* Ina kasi inayomzidi mwenye kuanza. Chaji ikiisha mbali na nyumbani unabaki unasukuma chuma kizito kwa goti lilelile bovu.

*Mfuko.* Ghali kuliko zote hizi, na betri ina maisha yake. Uliza kwanza nani ataitengeneza.

*Inamfaa* mwenye moyo au mapafu yanayochoka haraka, baada ya daktari kuruhusu, na mwenye safari ya lazima yenye vilima.

Baiskeli ya ndani

*Goti.* Hapa unaamua kila kitu: uzito, mwendo, muda. Na goti likigoma unashuka, uko nyumbani. Hospitalini ndiyo wanayoanza nayo baada ya upasuaji wa goti, hata kwa ambaye hawezi kumaliza mzunguko: anabembea mbele na nyuma nusu nusu, siku baada ya siku, mpaka siku moja inazunguka. Nimemshuhudia jirani yangu akifika siku hiyo. Alishika shuka la kitanda akalia.

Lakini aina ni tatu, na wauzaji wanazichanganya. Ya kukaa wima ni kama baiskeli ya kawaida. Ya kuegemea ina kiti chenye mgongo na pedeli mbele yako. Mwenye kiuno, mwenye uzito mkubwa na mwenye kupoteza mizani watulie hapo. Ya tatu ni ile ya vijana wa jim, yenye gurudumu zito la chuma mbele. Katika nyingi za aina hiyo ukiacha kuzungusha pedeli haziachi, gurudumu linaendelea kuuvuta mguu wako. Kwa goti gumu hiyo ni hatari, iache.

Zipo pia pedeli ndogo za kuweka sakafuni mbele ya kiti. Ni za bei nafuu na si mbaya kwa kuanzia, ila huteleza kwenye vigae. Ziegemeze ukutani na chini weka kipande cha zulia.

*Kupanda na kushuka.* Ya kuegemea unakaa kama kwenye kochi. Ya wima inataka kigoda imara pembeni kwa siku za mwanzo.

*Njia.* Hakuna bodaboda, hakuna mbwa, hakuna vumbi kwa mwenye pumu. Kuna joto. Bila feni na maji, dakika kumi za Machi huku pwani ni adhabu. Na kuna upweke, ambao watu wanaudharau: nyingi ya hizi huishia kuanikiwa kanga. Yangu ilinusurika kwa sababu niliiweka karibu na redio, na mazoezi yangu ni taarifa ya habari.

*Mfuko.* Wastani, na matengenezo ni machache.

*Inamfaa* aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwenye mifupa myepesi ambaye kuanguka ni kuvunjika, mwenye kizunguzungu, na anayeishi ambako barabara haina ukingo wa kupita.

Yoyote utakayochagua

Anza na dakika 5 hadi 10, siku tatu kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afikie dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, lakini hapo ni pa kufika, si pa kuanzia. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kipimo hiki kinawafaa hasa wanaomeza dawa za presha zinazoshusha mapigo ya moyo, maana kwao kuhesabu mapigo kunadanganya.

Maumivu kidogo wakati wa kuzungusha yanavumilika. Hakimu ni kesho yake asubuhi. Ukiamka goti limevimba kuliko jana, punguza nusu. Mbele ya goti kukiuma, pandisha siti kidogo. Nyuma kukiuma, ishushe kidogo. Upana wa kidole kimoja kwa mara moja, usizidi.

Mwenye sukari anayechoma insulini apime kabla. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), ale kitu kwanza, na mfukoni awe na pipi au glukosi. Avae viatu vilivyofunika vidole na aikague miguu akirudi, maana ganzi huficha malengelenge. Mwenye baridi yabisi asijilazimishe alfajiri, asubiri viungo vilainike.

Siku ambayo goti ni la moto na jekundu, au jongo limeamka, hakuna baiskeli. Goti likikwama au likikuangusha ghafla, au shavu moja la mguu likivimba na kuuma, nenda hospitali. Maumivu ya kifua, shuka papo hapo na uombe msaada.

Na baiskeli haijengi mifupa, kwa kuwa uzito umebebwa na siti. Mwenye mifupa myepesi aendelee kutembea.

Kwa hali yako

Kama goti halifiki nyuzi 100, anza na ya ndani na mtaalamu wa mazoezi tiba akuangalie, hata kama moyo wako uko barabarani. Ukipenda, fundi anaweza kukufungia krenki fupi (mikono inayoshika pedeli) baadaye ili mkunjo upungue.

Kama goti linakunjika lakini nyonga hainyanyuki, tafuta ya kikapu yenye gia tatu. Kwenye miji tambarare kama Tanga, Unguja mjini au Kisumu, itakutosha miaka.

Kama pesa ni kidogo na nyumbani tayari kuna nyeusi ya kike, usinunue chochote. Badilisha frii, pandisha siti, kaza breki.

Kama unakaa mlimani, ni gia nyingi, au umeme kwa mwenye uwezo na mwenye moyo unaochoka. Kama unakaa Dar, tazama kwanza njia kabla ya baiskeli: kandokando ya barabara ya mwendokasi kuna njia ya baiskeli, lakini bodaboda wanaipita pia, kwa hiyo toka alfajiri ya Jumapili ukaipime.

Kama mizani imepotea kabisa na bado unatamani upepo, muulize fundi wa kuchomelea kuhusu baiskeli ya magurudumu matatu. Ni pana, haipiti vichochoro, lakini haikuangushi ukisimama.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, usinunue. Azima kila moja siku tatu, siti ikiwa imepimwa kwa kisigino, njia ileile, muda uleule. Siku ya nne asubuhi, shuka ngazi moja ya nyumba yako taratibu, usikilize goti.